Chombo Kikikosa Mwenyewe

Usiku wa tarehe 12 Mei 2012, moto ulizuka ndani ya meli kuukuu ya kuvulia kaa iliyotia nanga katika hori ya Penn Cove, kisiwani Whidbey, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Hakuna aliyekuwamo ndani. Meli hiyo iliitwa Deep Sea. Kesho yake ilizama, ikalala kwenye kina cha karibu mita 18, na dizeli iliyokuwa kwenye matangi yake ikaanza kupanda juu kidogo kidogo.

Jirani na hapo palikuwa na shamba la kome, mojawapo ya mashamba makubwa na makongwe ya aina hiyo Marekani. Kome hula kwa kuchuja maji mchana na usiku, hivyo chochote kilichomo majini humwingia. Mavuno yalisimamishwa kwa majuma kadhaa. Wapiga mbizi wakashushwa kuziba matundu na kufyonza mafuta, na mwanzoni mwa Juni kreni mbili zikaja zikanyanyua ganda la meli kutoka chini, likavutwa hadi Seattle kukatwakatwa. Gharama yote ilipita dola milioni 5, na walioilipa ni walipa kodi.

Kinachonikera katika kisa hiki hakianzi na moto. Deep Sea iliingia Penn Cove mwezi Desemba mwaka uliotangulia, ikatia nanga bila ruhusa kwenye eneo la maji linalomilikiwa na jimbo. Ilikaa hapo karibu miezi mitano, mchana kweupe, ikionekana na kila mwenye macho. Wenye shamba waliiona, na serikali ilimtaka mwenyewe aiondoe. Mtu mmoja alikuwa ameinunua kwa bei ndogo, hakuwa na mahali halali pa kuiweka, na sheria ya wakati huo haikumuuliza lolote kabla hajaichukua. Kama ingevutwa ikiwa bado inaelea, kazi ingefanywa na tagi moja na kamba imara. Iliposubiriwa hadi izame, ikahitaji wapiga mbizi, kreni mbili na mamilioni ya dola.

Nimefuatilia habari za vyombo vilivyotelekezwa kwa muda mrefu, na kila kisa kinanirudisha kwenye jambo hilohilo. Siku chombo kinapozama, uamuzi ulishafanyika zamani: siku kilipouzwa bei ya bure kwa mtu asiye na uwezo wa kukitunza, na hakuna ofisi iliyoandika jina lake.

Safari ya chombo kuelekea huko hufanana karibu kila mahali. Mwenyewe wa kwanza alikinunua kipya, akakipenda, akakipiga rangi kila mwaka. Akazeeka au akafariki. Watoto wake hawajui bahari, na ada ya maegesho gatini inakuja kila mwezi. Wanakiuza kwa bei ya chini. Mnunuzi naye anagundua kwamba injini inataka pesa zaidi ya zile alizonunulia chombo kizima, anakisukuma kwa mwingine, na huyo anampa rafiki bure. Hati ya umiliki imeshapotea njiani. Wa mwisho kabisa anakitoa gatini anapodaiwa, anakitia nanga nje ambako hakuna anayetoza ada, na mara nyingine anazikwangua namba za usajili ubavuni ili asipatikane.

Kuanzia hapo chombo huendelea kufa chenyewe. Mtu asiyefanya kazi na boti anaweza kudhani lazima ipasuliwe na mwamba au dhoruba. Kumbe mhimili unaozungusha pangaboi hupita kwenye tundu lililo chini ya maji, na pale pamefungwa kwa kizibo ambacho kwa kawaida huachia matone machache. Matone hayo hujikusanya kwenye ngama. Pampu ndogo ya umeme hushtuka maji yakifika kiwango fulani, inayafua, inazimika. Pampu inategemea betri. Asipokuwepo mtu wa kuchaji betri, siku moja pampu haiwaki. Maji ya ngama yanapanda, mvua inaongezea yake, chombo kinainama upande wa tezi hadi tundu jingine lililokuwa juu ya maji linafika chini yake. Baada ya hapo ni suala la saa chache. Boti iliyoonekana salama Ijumaa, Jumatatu inabaki ncha ya mlingoti tu.

Ndani yake kuna sumu za kila namna: dizeli, oili chafu, betri za risasi, rangi yenye shaba iliyopakwa chini ili konokono na chaza wasing'ang'anie, na kwenye meli za zamani asbesto iliyozungushiwa mabomba ya chumba cha injini. Hata isiyozama hudhuru. Katika hori ya Richardson Bay, karibu na San Francisco, boti zimetia nanga kwa miaka mingi juu ya nyasi bahari. Upepo ukibadilika boti huzunguka nanga yake, na mnyororo unaoburuzwa chini unafyeka nyasi. Picha zilizopigwa kutoka angani zinaonyesha duara tupu moja baada ya jingine, kila duara na nanga yake katikati. Nyasi hizo ndizo heringi wanazotagia mayai. Mvuvi wa Pwani yetu anayejua tasi hula wapi na samaki wadogo hujificha wapi hana haja ya kuelezwa hasara ya jambo hilo.

Sasa nani aondoe? Hapo ndipo mkanganyiko ulipokuwa Marekani kwa miongo mingi, na ndipo ulipo katika nchi nyingi hadi leo. Kikosi cha walinzi wa pwani kina mamlaka juu ya uchafuzi: kinafika, kinafyonza mafuta, kinaondoka. Kikosi cha uhandisi cha jeshi kina mamlaka, tangu sheria ya mwaka 1899, ya kuondoa mabaki yanayoziba njia za meli. Chombo kilichokaushwa mafuta na kilichokaa pembeni ya njia hakimhusu yeyote kati ya hao wawili. Kinabaki palepale, na wavuvi na wakazi wa ufuko ndio wanaoamka nacho kila asubuhi.

Jimbo la Washington liliamua kuziba pengo hilo mwaka 2002. Bunge lake lilipitisha sheria ya kuondoa vyombo vilivyotelekezwa na kuikabidhi Idara ya Maliasili ya jimbo. Fedha zake zilitoka kwa wenye boti wenyewe: kila anayesajili boti kwa mwaka aliongezewa dola chache tu, zikaingia kwenye mfuko maalumu. Mamlaka za bandari na manispaa zikapewa uwezo wa kukamata chombo, na mfuko ukawarudishia hadi asilimia 90 ya gharama.

Utaratibu wenyewe ni wa makini, kwa sababu boti ni mali ya mtu. Barua hutumwa kwenye anwani ya mwisho inayojulikana ya mwenyewe. Tangazo hubandikwa kwenye chombo, kwa kawaida kwenye kioo cha chumba cha nahodha, likiwa na tarehe. Habari hutolewa gazetini. Mwenyewe akijitokeza ana haki ya kukata rufaa, au kuondoa chombo chake mwenyewe. Asipojitokeza, jimbo linakichukua, linakivunja, na bili inabaki kwa jina lake. Ila chombo kikiwa karibu kuzama au kimeanza kuvuja, hakuna kusubiri: kinashikwa papo hapo. Kwangu mimi kifungu hicho cha dharura ndicho moyo wa sheria nzima. Tangu programu ianze, zaidi ya vyombo 1,000 vimeondolewa katika maji ya jimbo hilo.

Hata hivyo sheria hiyo ya kwanza ilikuwa na tundu, na tundu hilo lilionekana mapema mwaka 2011 kwenye Mto Columbia, karibu na mji wa Camas. Palikuwa na tishari lenye urefu wa futi 431, liitwalo Davy Crockett, ambalo lilijengwa kama meli ya mizigo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mnunuzi alitaka chuma chake. Akaanza kulikata likiwa majini, bila kibali na bila wataalamu, akakata sehemu zilizokuwa zinalishikilia. Ganda likapinda, mafuta mazito yakaingia mtoni na utando wake ukaonekana kilomita nyingi chini ya mkondo. Ilibidi kujengwa ukuta wa chuma kulizunguka tishari lote ndani ya mto, kisha likavunjwa kipande kwa kipande humo ndani. Kazi ilichukua miezi na kugharimu zaidi ya dola milioni 20. Mwenyewe alifungwa miezi minne.

Miezi minne, na mamilioni yale hayakurudi. Adhabu baada ya tukio ni haki, na ninaiunga mkono, lakini mtu asiye na kitu huwezi kumdai kitu. Watunga sheria wa Washington walilielewa hilo baada ya mto na hori kuchafuliwa katika kipindi cha miezi 16. Mwaka 2013 na 2014 waligeuza macho yao kwa muuzaji. Anayeuza chombo chenye urefu wa zaidi ya futi 65 na umri wa zaidi ya miaka 40 anatakiwa kwanza kukikaguza, na mnunuzi anatakiwa kuwa na bima kabla hajakabidhiwa. Muuzaji akipuuza, gharama za kuondoa chombo zinaweza kumrudia yeye. Mwenye meli mbovu hawezi tena kujitoa kwa kumpata mtu wa kuipokea. Sijaona popote kifungu kilichogusa chanzo cha tatizo kwa karibu kuliko hicho.

Kwa boti ndogo wakafungua mlango mwingine mwaka 2014. Mwenye boti isiyozidi futi 45, iliyochoka na isiyouzika, anaweza kuomba jimbo liichukue na kuiharibu kabla haijawa mzigo wa umma. Wapo waliolalamika kwamba hiyo ni kumzawadia mzembe. Mimi naona ni busara. Mzee aliyeishiwa nguvu na pesa akipewa njia ya heshima ya kuiaga boti yake, hataisukuma gizani.

Na kuiaga boti ya siku hizi ni kazi, kwa sababu ya faiba. Ukichukua kipande cha ganda la boti ya faiba iliyovunjika na kukitazama pembeni, utaona tabaka juu ya tabaka za nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi ya plastiki, na juu yake rangi ngumu inayong'aa. Mahali palipopasuka nyuzi huchomoza kama manyoya makavu. Ukizishika huingia vidoleni na kuwasha siku nzima. Ukilikata ganda hilo kwa msumeno bila barakoa unavuta vumbi la kioo. Huwezi kuliyeyusha kama chuma ukapata chuma kingine, wala haliozi kama mbao. Boti nyingi za faiba zilizojaa gatini Ulaya na Marekani zilitengenezwa kuanzia miaka ya 1960 na 1970, na sasa zote zinazeeka kwa pamoja. Ufaransa imeweka utaratibu ulioanza kufanya kazi mwaka 2019: anayeingiza boti mpya sokoni huchangia fedha, na fedha hizo hulipia kuvunjwa kwa boti zilizokwisha umri. Mwenye boti ya zamani huipeleka kituoni, uvunjaji haumgharimu. Anachobeba ni gharama ya usafiri.

Kuna upande mmoja ambao watu wa mipango husahau kirahisi. Katika baadhi ya boti hizi mbovu wanaishi watu. Pale Richardson Bay, wengi waliohesabiwa kama wenye vyombo vibovu walikuwa maskini waliokimbia kodi za nyumba za eneo ambalo ni miongoni mwa maeneo ghali zaidi Marekani. Kuvunja boti ya mtu kama huyo ni kumvunjia nyumba. Mamlaka ya hori ile ilikubaliana na msimamizi wa jimbo mwaka 2021 kwamba boti ziondoke kwenye nanga kwa awamu hadi Oktoba 2026, na fedha zikatafutwa za kuwahamishia wakazi kwenye makazi ya nchi kavu. Mvutano ulikuwa mkali, na machozi yalikuwepo. Lakini kulitanguliza suala la mtu atalala wapi kabla ya suala la boti itavunjwa wapi ni jambo la utu, na popote kazi hii itakapofanyika lazima lianze hilo.

Nageukia kwetu. Pwani ya Waswahili imevunja vyombo kwa karne nyingi bila sheria yoyote ya mabaki. Jahazi likichoka hupandishwa ufukweni maji yanapojaa, likapwewa, likaanza kufumuliwa. Misumari ilichomolewa na kunyooshwa. Mataruma yaliyokuwa bado mazima yaliingia kwenye chombo kingine. Mbao zilizobaki zilikuwa kuni, uzio, au kizingiti cha mlango, na Lamu na Zanzibar leo mafundi hutengeneza vitanda na meza kwa mbao za majahazi ya zamani, zikauzwa kwa bei nzuri. Kilichobaki mchangani kililiwa na mchwa na fukusi. Fundi aliyeliunda ndiye aliyejua kulifumua, na kila kipande kilikuwa na mtu anayekingoja.

Mambo hayo yanabadilika mbele ya macho yetu. Miti mikubwa ya kuundia vyombo imeadimika, mafundi wa vyombo wanazeeka, na faiba ni nyepesi, haihitaji kalafati wala kupakwa deheni. Serikali ya Tanzania imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba ziwafikishe maji ya mbali zaidi, na ni mpango mzuri. Mvuvi anastahili chombo salama. Watalii nao wanabebwa kwa boti za faiba kutoka Watamu hadi Nungwi. Boti hizo zote zina umri wake. Itakapopasuka ile ya leo, hakuna seremala atakayeitaka, na atakayejaribu kuichoma moto ufukweni atawavutisha majirani moshi wa plastiki.

Kwa meli kubwa, dunia inayo sheria yenye jina la jiji letu. Mkataba wa Kimataifa wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli ulipitishwa katika mkutano uliofanyika Nairobi mwezi Mei 2007, ukaanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015. Kiini chake ni kwamba mwenye meli aliyesajiliwa ndiye anayelipia kuitafuta, kuiwekea alama na kuiondoa meli iliyozama, na meli yenye ujazo wa tani 300 na zaidi lazima ibebe cheti cha bima kwa ajili hiyo. Nchi iliyoathirika inaweza kumdai mwenye bima moja kwa moja. Kenya ni mwanachama. Nchi nyingi ambazo bandari zake zinapokea meli kila siku zimejiunga pia.

Umuhimu wa bima hiyo unaonekana ukikumbuka meli iitwayo Rhosus. Mwaka 2013 ilikuwa safarini kwenda Beira, Msumbiji, ikiwa na tani 2,750 za amonia nitreti. Ikaingia Beirut, ikazuiliwa kwa ubovu na madeni, mwenyewe akaiacha pamoja na mabaharia wake. Shehena ikahamishiwa ghalani. Meli tupu ilizama bandarini mwaka 2018, na kwa kuwa haikuwa na mtu wa kuisemea, haikuwashtua wengi. Tarehe 4 Agosti 2020 shehena ile ililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Kilichoua ni uzembe wa ghalani, lakini mlolongo wote ulianza na chombo ambacho mwenyewe alikigeuzia kisogo.

Na faida ya kuwahi tuliiona karibu na kwetu, Bahari ya Shamu. Meli ya Safer, iliyokaa kwenye pwani ya Yemen kama ghala la mafuta, iliachwa bila matengenezo tangu 2015 kwa sababu ya vita, ikiwa na zaidi ya mapipa milioni 1 ya mafuta ghafi. Umoja wa Mataifa ulichangisha fedha, hata kwa watu wa kawaida, na mwaka 2023 karibu mafuta yote yakahamishiwa meli nyingine. Operesheni ilikadiriwa kugharimu zaidi ya dola milioni 120. Makadirio ya kusafisha bahari kama ingevunjika yalikuwa dola bilioni 20.

Mkataba wa Nairobi una mipaka miwili ambayo sisi wa Pwani hatuna budi kuijua. Kwanza, kwa kawaida unahusu eneo la bahari lililo nje ya maji ya nchi, kuelekea maili 200. Ili ufike hadi ufukweni, kila nchi lazima itamke rasmi kwamba imeupanua hadi huko. Pili, sharti la bima linaanzia tani 300. Boti ya utalii iliyozama kwenye mlango wa mikoko, tishari la mchanga lililopinduka mtoni, boti ya uvuvi ya faiba iliyoachwa Ziwa Victoria, zote ziko chini ya kizingiti hicho. Vyombo vinavyotukwaza kila siku ndivyo mkataba usivyovigusa. Ni kazi ya sheria za nchi, serikali za kaunti na halmashauri.

Tunayo pa kuanzia. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vinamjua kila mwenye chombo kwa jina na kwa mtaa. Hakuna idara ya Marekani yenye rejista hai kama hiyo. Kinachokosekana ni kuvipa uwezo wa kisheria wa kubandika tangazo kwenye chombo kilichoachwa na mahali pa kukipeleka muda ukiisha. Chombo kisibadilishwe mkono bila jina la mnunuzi kuandikwa siku hiyo hiyo, na jina la muuzaji libaki hadi hapo litakapoandikwa. Ada ndogo ya usajili itengwe kwenye mfuko usioguswa kwa jambo lingine. Anayeingiza boti mpya za faiba, awe kampuni, hoteli au mpango wa serikali, achangie tangu sasa gharama ya kuzivunja. Na kila bandari kubwa iwe na angalau uwanja mmoja wenye sakafu, misumeno, barakoa na mafundi waliofundishwa kukata faiba, ili mvuvi wa Kilwa au Kipini anayeuliza aipeleke wapi boti yake iliyokwisha apate jibu la anwani.

Bajeti za mwaka ujao wa fedha hujadiliwa kabla ya Julai. Diwani wa kata ya ufukweni anaweza kuuliza swali hili kwenye baraza lake mwezi huu: ni vyombo vingapi vimeachwa kwenye maji yetu, vimeandikwa jina la nani, na vingapi kati yake bado vinaelea.